Fundi mkuu anahamia Ujerumani: tunapoteza nini hasa?

Swali limetoka kwa mwalimu wa karakana katika chuo kimoja cha ufundi, Arusha. Nalifupisha:

"Mwenzetu aliyebuni mashine yetu ya kupukuchua mahindi, ambayo siku hizi inanunuliwa hadi Singida, amepata kazi Ujerumani. Anaondoka baada ya miezi mitatu. Kikaoni tumegawanyika. Wapo wanaosema karakana imekwisha. Wapo wanaotaka abanwe kwa mkataba asitoke. Mkuu wa idara anasema tutafute mtaalamu mwenye jina kutoka nje, tumlete azibe pengo. Wewe unayefuatilia utafiti wa mambo haya, unasemaje? Mvumbuzi bora akihama, ubunifu wa alikotoka hufa? Na tukileta nyota, tutapata nini?"

Mwalimu, salaam. Nitoe jibu kwanza, maelezo yafuate. Watakaoumia zaidi akiondoka ni wale ambao hawajawa mafundi bado: mwanafunzi wa mwaka wa pili, kijana wa kushika koleo, na yule aliyeko kijijini ambaye angekuja kwenu mwakani kwa sababu amesikia habari za mashine hiyo. Wewe na wenzako wa rika lake mtaendelea na kazi zenu karibu kama kawaida. Na huko anakokwenda mambo ni hivyohivyo, kwani wakongwe atakaowakuta hawabadiliki sana, ila atawavuta wapya. Kikao chenu kinabishana juu ya mtu mmoja, na hesabu yenyewe iko kwa watu ambao hawakualikwa kikaoni.

Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua ulitokana na uovu. Tarehe 7 Aprili 1933 serikali ya Wanazi ilipitisha sheria ya kuwaondoa kazini watumishi wa umma wenye asili ya Kiyahudi pamoja na wapinzani wake wa kisiasa, na maprofesa wa vyuo vikuu walikuwa watumishi wa umma. Miaka michache baadaye, katika kila wanahisabati 100 wa vyuo vya Ujerumani takriban 18 walikuwa wameondolewa, na katika fizikia na kemia 13 au 14. Göttingen, mji mdogo ambao kila mwanahisabati duniani alitamani kuukanyaga, ulipoteza zaidi ya nusu ya wanahisabati wake. Emmy Noether akaenda Bryn Mawr, Pennsylvania. Richard Courant akafika New York na kuanzisha taasisi ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Max Born, wa fizikia, akakimbilia Uingereza.

Mchumi Fritz Waldinger aliichukua historia hiyo na, badala ya kuwafuata walioondoka, akawafuata waliobaki. Alianza na maprofesa. Mtu ambaye mwenzake hodari wa mlango wa pili amefukuzwa, je, kazi zake zilipungua? Hakuona dalili hiyo. Idara inapoteza kichwa kikubwa, na jirani yake anaendelea kuchapisha kama alivyokuwa akichapisha. Nakiri matokeo hayo yalinishangaza niliposoma mara ya kwanza, maana sote tumezoea kuamini kwamba fundi hodari huwanoa wenzake kwa kukaa nao tu.

Kisha akawageukia wanafunzi wa shahada ya uzamivu wa hisabati, na hapo ndipo pengo lilipojitokeza. Waliosoma katika idara zilizopoteza walimu bora walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuchapisha tasnifu zao katika jarida la maana, na nafasi ndogo zaidi ya kufika uprofesa. Idara zenyewe ziliendelea kudorora kwa miongo, kwa kuwa walioajiriwa baadaye walikuwa wa kiwango cha chini kuliko waliofukuzwa. Waldinger akalinganisha na mabomu ya Vita Kuu ya Pili yaliyobomoa majengo ya vyuo. Athari za mabomu zilikuwa zimefifia kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pengo la watu lilikuwa bado linaonekana mwaka 1980.

Ng'ambo ya bahari, Petra Moser, Alessandra Voena na Waldinger huyohuyo waliwafuata wanakemia waliokimbilia Marekani. Katika matawi ya kemia waliyoingia wakimbizi hao, hataza za Wamarekani, yaani haki za kisheria anazopewa mvumbuzi juu ya alichobuni, ziliongezeka kwa asilimia 31. Lakini ukichungulia ni nani walioziongeza, unakuta Wamarekani waliokuwa tayari katika matawi hayo hawakuwa wepesi kuliko zamani. Ongezeko lilitoka kwa watu wapya walioingia katika kazi hiyo baada ya wageni kufika.

Wahenga walisema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ukiitazama vizuri methali hiyo, haiwataji ndege wakubwa. Ndege mkubwa ana mbawa, atatua mti wa pili.

Sasa tuje California, kwa sababu mkuu wa idara anayetaka kuleta nyota huwa na Silicon Valley, lile bonde la kampuni za kompyuta, kichwani, na mara nyingi huwa ameshika nusu ya hadithi.

William Shockley alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Nobeli ya fizikia mwaka 1956 kwa uvumbuzi wa transista, kile kijifaa kinachoongoza umeme ndani ya redio, simu na kompyuta, pamoja na John Bardeen na Walter Brattain. Kazi hiyo waliifanya katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, New Jersey. Wakati tuzo inatangazwa Shockley alikuwa ameshaondoka huko. Kwa fedha za mfanyabiashara Arnold Beckman alifungua maabara yake Mountain View, katika bonde lililosifika kwa mashamba ya aprikoti na plamu. Mama yake aliishi Palo Alto, jirani tu, na hilo lilikuwa na uzito wake katika kuchagua mahali. Alijaribu kuwachukua wenzake wa Bell. Walimfahamu vizuri, wakakataa.

Ikabidi apige simu kwa vijana. Robert Noyce alikuwa Philadelphia, Gordon Moore alikuwa Maryland. Walikubali kwa kuwa aliyekuwa upande wa pili wa simu ni Shockley. Mwalimu, kama unataka kujua nyota ana thamani gani, iko hapo: akipiga simu, kijana hodari anafungasha mizigo.

Kama bosi alikuwa balaa. Siku moja katibu muhtasi alijichoma mkono kwenye mlango. Shockley akashuku hujuma, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Sheldon Roberts, mmoja wa wale vijana, akakichukua kijichuma kilichomchoma na kukiweka chini ya hadubini. Ilikuwa pini ya kubania karatasi, kichwa chake kimekatika. Juu ya hayo, Shockley aliwatoa vijana kwenye transista za silikoni akang'ang'ania kifaa kingine cha tabaka nne ambacho hakikumletea faida. Kampuni yake haikuwahi kupata faida hadi inafungwa, na mwenyewe aliishia kufundisha Stanford.

Mwaka 1957 vijana wanane, wote chini ya miaka 35, wakaondoka kwa pamoja. Walipokutana San Francisco na Arthur Rock na Bud Coyle, watu wa fedha kutoka New York, hapakuwa na mkataba ulioandaliwa. Coyle akatoa noti za dola moja moja, kila mtu akatia sahihi yake juu ya kila noti, kila mmoja akaondoka na ya kwake. Fedha za kweli zilitoka kwa tajiri Sherman Fairchild, na karakana mpya wakaifungua umbali wa kutembea kwa miguu kutoka ile ya Shockley. Humo Jean Hoerni akabuni njia ya kutengeneza transista bapa zilizofunikwa kwa tabaka la kinga, na mwaka 1959 Noyce akaonyesha namna ya kuunganisha vifaa vingi katika kipande kimoja cha silikoni, yaani chipu. Mwaka 1968 Noyce na Moore wakaondoka tena, wakaanzisha Intel. Wengine wa kampuni ya Fairchild wakatawanyika bondeni humo na kufungua za kwao.

Nusu inayosahaulika ni hii. California iliyapata yote hayo kupitia mtu aliyeshindwa. Shockley aliwakusanya vijana mahali pamoja, kisha sheria ya jimbo ikawaacha watoke. Tangu mwaka 1872 sheria za California haziutambui mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi kwa mshindani baada ya kuacha ajira. Noti zile za dola zingekuwa karatasi za kumbukumbu tu kama Shockley angeweza kuwaburuta vijana wake mahakamani.

Na New Jersey alikotoka? Bell haikuyumba. Mwaka 1959 Mohamed Atalla na Dawon Kahng walitengeneza humo aina ya transista ambayo leo imejaa kwa mabilioni ndani ya simu uliyoishika, na mwaka 1969 ukazaliwa humo mfumo wa kompyuta wa Unix. Wakongwe waliendelea, kama Waldinger angetabiri. Ambacho New Jersey ilikosa ni vijana wanane waliokwenda kufungua karakana mtaa wa pili.

Hapo umeshaona ninavyofikiri kuhusu hoja ya kumbana kwa mkataba, lakini nisiipite haraka, maana ni hoja ya zamani na iliwahi kujaribiwa kwa ukali. Uingereza ya karne ya 18 ilipiga marufuku mafundi wa viwanda kuhamia nje, na mashine na michoro yake haikuruhusiwa kutoka. Samuel Slater alikuwa amefundishwa kazi tangu utotoni katika kiwanda cha Jedediah Strutt, Derbyshire, kiwanda cha kusokota pamba kwa mashine za mvumbuzi Richard Arkwright. Mwaka 1789, akiwa na miaka 21, alipanda meli kwenda Marekani bila mchoro hata mmoja. Mashine nzima ilikuwa kichwani. Mwishoni mwa 1790 nyuzi zilikuwa zinasokotwa Pawtucket, Rhode Island, kwa mtaji wa tajiri Moses Brown. Derbyshire wakamwita msaliti.

Kinachonivutia mimi ni wahunzi wa Pawtucket. Slater alijua mashine inavyopaswa kuwa, lakini vyuma vilifuliwa na mzee Oziel Wilkinson na wanawe. Mmoja wa wanawe, David, aliyekua akitengeneza vipuri vya mashine za Slater, mwaka 1798 alipata hataza ya mashine ya kukereza skrubu. Kijana wa mhunzi, tena. Uingereza yenyewe iliendelea kuongoza dunia kwa pamba kwa karibu karne nzima iliyofuata, na mwaka 1824 ikaifuta ile marufuku ya mafundi. Siku hizi kuna mfano wa Michigan: mwaka 1985 mabadiliko ya sheria yaliruhusu, karibu kwa bahati mbaya, mikataba ya kuwazuia wafanyakazi kwenda kwa washindani. Wavumbuzi wa jimbo hilo wakapunguza kuhama kazi ndani ya jimbo, na waliokuwa hodari wakahamia majimbo yasiyo na kizuizi hicho. Mlango ukifungwa ndani, wenye uwezo hutokea dirishani.

Kuna kundi moja la watu wazima ambalo huumia kweli, nalo ni wale wanaoshirikiana naye kazi yenyewe. Pierre Azoulay na wenzake waliwafuatilia watu waliokuwa wakiandika pamoja na wanasayansi mashuhuri 112 wa tiba na baiolojia, ambao walifariki ghafla au mapema. Machapisho ya washirika hao yalishuka kwa asilimia 5 hadi 8, na hayakurudi juu. La ajabu ni kwamba haikuwa na maana kama mshirika alikaa jengo moja na marehemu au bara jingine. Ukaribu uliohesabika ulikuwa wa mawazo. Kwako hiyo ni habari njema, kwa sababu mwenzako hafi, anahama tu. Mkiwa na kazi ya pamoja inayoendelea, kilomita zilizopo kati ya Arusha na Ujerumani zinapungua uzito. Utafiti wa hataza za wavumbuzi waliohama unaonyesha hivyo pia: mji waliouacha huendelea kunukuu kazi zao mpya kuliko ambavyo ungenukuu za mgeni yeyote.

Usinielewe kwamba kuondoka hakuna madhara kamwe. Mmoja akiondoka ni jambo moja, kundi zima likisambaratika ni jingine. Rochester, jimbo la New York, uliishi kwa kampuni ya Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera. Mhandisi Steven Sasson alitengeneza humo kamera ya dijitali ya kwanza mwaka 1975. Filamu ilipokufa na Kodak kupunguza watu, mchumi Enrico Moretti aliwaangalia wavumbuzi wa mji huo ambao hawakuwa wa Kodak. Uvumbuzi wao ulishuka kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na wenzao wa miji mingine. Kwa hiyo mkianza kuondoka wanne, watano, nitakuandikia barua nyingine kabisa.

Sasa hoja ya mkuu wa idara. Kuleta nyota kumewahi kufanikiwa, na mfano unaotajwa sana ni Morris Chang. Alifanya kazi Texas Instruments miaka 25, na mwaka 1985, akiwa na miaka 54, Taiwan ikamwita kuongoza taasisi yake ya utafiti wa viwanda. Mwaka 1987 akaanzisha TSMC, kampuni ambayo leo ni kubwa kuliko zote duniani katika kutengeneza chipu kwa niaba ya kampuni nyingine. Ila miaka 9 kabla hajafika, mwaka 1976, Taiwan ilikuwa imeshapeleka wahandisi wake vijana Marekani kwa kampuni ya RCA wakajifunze kutengeneza chipu. Chang alikuta watu wanaomngoja, mikono imeshazoea kazi.

Karibu na kwetu yupo Thomas Odhiambo wa Kenya. Alisomea elimu ya wadudu Cambridge, akarudi, na mwaka 1970 akaanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, Nairobi. Angeweza kuwa profesa mashuhuri anayesifiwa na kutembelewa, basi. Kituo chake kikaanzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha Waafrika shahada ya uzamivu ya elimu ya wadudu, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara hili. Baadaye kituo hicho kikampata Zeyaur Khan kutoka India, aliyekaa Mbita kando ya Ziwa Viktoria akafanya kazi ya Vuta-Sukuma: mmea wa desmodiamu kati ya mistari ya mahindi kufukuza nondo wa funza wa mabua na kukandamiza gugu la kiduha, mabingobingo pembeni ya shamba kuwavuta nondo hao huko nje. Mgeni huyo hakuja kwenye chumba kitupu.

Kwa hiyo, mkimleta mtu mwenye jina na kumpa ofisi yenye kiyoyozi na wanafunzi wasiruhusiwe kugusa mashine zake, fedha imepotea. Fedha hiyohiyo ikisomesha vijana sita, nadhani mtapata zaidi, hata bila nyota.

Nikupe kisa kimoja cha kwetu kabla sijakuambia la kufanya. Kuna karakana niliyokuwa napita mara kwa mara, wakitengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Fundi wao wa visu akahama. Michoro ilikuwepo, vipimo vilikuwepo, na karatasi ilisema chuma kipashwe moto kisha kizamishwe kwenye oili. Visu vipya vikawa vinapasuka, na visivyopasuka vinakuwa butu ndani ya wiki. Waliita wahandisi wawili. Mwezi wa tatu mtu akamuuliza kijana aliyekuwa akivuta mvukuto, ambaye hakuwa na cheti cha chochote. Akasema fundi hakuwa akizamisha chuma kikiwa kimeng'aa. Alikingoja kirudi kwenye wekundu wa tunda la kahawa lililoiva, ndipo akazamisha. Kisha alikipasha tena polepole mpaka kikawa na rangi ya chai ya rangi. Hayo hayakuandikwa popote. Kijana yule alikuwa amebakiza wiki mbili kwenda kuendesha bodaboda.

Basi, katika miezi mitatu mliyonayo, orodhesheni kwanza vijana waliosimama karibu na mwenzenu: nani humshikia chuma, nani hufunga mikanda, nani alikuwepo ngoma ya kupukuchulia iliposhindwa mara ya kwanza. Wapeni mashine moja waifungue yote hadi boliti ya mwisho na kuiunda upya, yeye akiwa amekaa pembeni mdomo umefungwa. Watakapokwama ndipo palipo na kitu ambacho kiko kichwani mwake tu, mkiandike. Vijana hao wapatieni ajira kabla hajaondoka, hata ya mkataba mfupi, kwa sababu wao ndio wataondoka kimyakimya mwezi mmoja baada yake na hakuna kikao kitakachoitishwa. Mbakizieni wanafunzi wawili wa kuwasimamia akiwa hukohuko, na toleo lijalo la mashine liwe kazi yenu ya pamoja.

Jambo la mwisho ni la karatasi, na msilisukumie wiki ya kuaga. Ujerumani ina sheria ya uvumbuzi wa waajiriwa tangu mwaka 1957: mwajiri ana haki ya kuuchukua uvumbuzi uliotokana na kazi, naye hulipa fidia. Kwa hiyo kabla hajasaini mkataba mpya, aandike orodha ya kila alichobuni Arusha, michoro ikiwa imeambatanishwa, tarehe ikiwa juu na sahihi yake na ya chuo chini, nakala moja ibaki kwenu. Na kama kuna sehemu ya mashine ambayo bado haijaonekana hadharani, ulizeni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, kuhusu hataza kabla ya tarehe ya ndege yake.